Kinachoachwa Kinakwenda Wapi

Wiki iliyopita niliitwa kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu. Mvua ilikuwa imepenya dirishani na kulowesha boksi la chaki juu ya meza ya mwalimu. Nilipoingia tu darasani, harufu ikanipokea: chaki iliyolowa, kama ukuta uliopakwa chokaa ambao haujakauka. Wazazi wenzangu waliendelea kusalimiana na kutafuta pa kukaa, na mimi nikabaki mlangoni kama mtoto aliyechelewa namba ya asubuhi. Nina kazi yangu na watoto wangu, mambo yangu yanakwenda. Lakini harufu ile bado hunirudisha kwenye dawati la nyuma kabisa la darasa la kidato cha tano, miguu yangu ikining'inia bila kugusa sakafu, nikimsikiliza mama mdogo akifundisha uchumi, na kila anachokisema kikiniongezea hofu.

Mama mdogo Rebeka alimfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Mama alifariki nikiwa sijajua kufunga vifungo vya gauni langu mwenyewe. Baba alikuwa mvuvi wa visiwani. Habari zake zilikuja mara mojamoja, halafu zikaacha kuja. Nikalelewa na bibi, kijijini upande wa Sengerema. Siku moja bibi alinivika gauni la kanisani, akanifungashia vitu vyangu kwenye begi la bluu lenye zipu, akanipeleka Busisi. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka, wakati huo hakuna aliyewaza daraja. Ukitaka kwenda Mwanza unasubiri kivuko. Bibi akaniambia nakwenda kumtembelea mama mdogo na nitarudi shule zikifunguliwa. Shule zikafunguliwa, sikurudi. Nilishonewa sare mpya, nikapelekwa shule ya msingi ya huko huko Mwanza, na hakuna aliyenieleza kitu. Kutokana na hayo nilijifunza jambo ambalo nililiamini kuliko yote niliyofundishwa kanisani: wakikuvika gauni zuri na kukupeleka kivukoni, wanachokwambia sicho kitakachotokea.

Sikuteswa. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu hadithi za watoto waliolelewa na ndugu huwa zinajulikana zinakoelekea. Nyumba yetu ilikuwa ya mwalimu, imebanwa katikati ya mawe makubwa nyuma ya shule ya sekondari, na ukipanda juu ya jiwe moja unaliona ziwa. Nililala kitanda kimoja na Neema, binti yao, ambaye tulikuwa naye karibu umri mmoja. Kulikuwa na Daudi, mdogo wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Na kulikuwa na baba mdogo, mtu mpole, mwenye maneno machache, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchakata samaki. Alirudi jioni na mabuti yake meupe mkononi, ananuka sangara na barafu, na mara nyingi alikuwa amebeba mapanki kwenye mfuko, yale mabaki ya samaki wakishatolewa minofu. Mama mdogo aliyakaanga mpaka mifupa ikatafunika. Mimi baba mdogo alinisemesha kidogo sana. Sasa najua kwamba hata Neema, baba yake alimsemesha kidogo. Wakati ule sikuwa napima hivyo.

Ufunguo wa nyumba ulikuwa mmoja, naye mama mdogo alikuwa nao. Sisi tulitoka shule mapema, na yeye mchana alikuwa na vipindi vya ziada vya kidato cha tano. Daudi alishinda kwa jirani. Mimi na Neema tulikwenda kumsubiri mama mdogo darasani, dawati la nyuma, kwa masharti kwamba tusifungue mdomo, na kwamba humo ndani yeye si mama wala mama mdogo, ni Mwalimu. Neema alikuwa na kipaji cha kulala popote. Aliweka shavu juu ya dawati, na kabla salamu hazijaisha alikuwa ameshalala. Mimi sikuweza kulala. Wale wanafunzi walionekana kwangu kama watu wazima waliovaa sare kwa makosa, wengine wana ndevu, na ilinishangaza kwamba wote walimwogopa mama mdogo, ambaye nyumbani aliimba akiosha vyombo.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alisoma maana ya jambo kwa Kiingereza, taratibu, wao wakiandika. Halafu alifunga kitabu, akapangusa vumbi la chaki kwenye sketi, akasema, "Haya, sasa tuongee kama watu." Hapo ndipo na mimi nilipoanza kusikia.

"Uhaba si njaa," alisema siku ya kwanza ninayoikumbuka. "Njaa inakuja na kuondoka. Uhaba hauondoki. Upo kwa maskini na upo kwa tajiri, maana binadamu anataka vingi kuliko vilivyopo. Hapo ulipokaa, umekaa nao."

Nikainama kuangalia chini ya dawati.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika machoni mwangu. Nilianza kuona vitu vinavyopungua: sabuni, mkaa, unga kwenye ndoo. Na kweli vilikuwa vinapungua. Kiwandani kulikuwa na maneno kwamba sangara hawapatikani kama zamani, waliokuja walikuwa wadogo, na mashine nyingine zilizimwa. Baba mdogo alianza kwenda kazini siku moja na kukaa nyumbani siku ya pili. Mapanki yakawa ya mara mojamoja. Halafu ikafika wiki ambayo mabuti meupe yalikaa mlangoni wiki nzima, yamekauka, na nyumba haikunuka samaki tena. Wakubwa hawakusema kitu. Mimi nilikuwa na Mwalimu wa kunieleza.

Kisha ikaja siku ya viazi. Mama mdogo alitoka nyumbani na sufuria ya viazi vitamu vilivyochemshwa, nikadhani ni chakula chetu cha mchana. Kumbe alikwenda kuviweka juu ya meza ya darasani, akamwita mbele kijana mmoja anayeitwa Masanja, mtu mrefu wa kutoka Kisesa, ambaye darasa zima lilijua anavyokula.

"Kula hicho. Kikoje?"

"Kitamu, Mwalimu."

"Chukua kingine."

"Na hiki kitamu."

"Cha tatu?"

"Kinakwenda."

Cha nne Masanja alikishika akakigeuzageuza kama mtu anayekikagua. "Mwalimu," alisema, "hiki nakula kwa heshima yako tu."

Darasa likaangua kicheko, Neema akashtuka usingizini na kulala tena. Mama mdogo alicheka pia. Halafu akaandika ubaoni, akatugeukia. "Mmeona? Viazi ni vile vile. Vimetoka shamba moja, vimeiva sufuria moja. Cha nne hakina kosa lolote. Kosa lake ni kuja mwisho."

Wenzangu wale walipiga mistari kwenye madaftari yao. Mimi nilikuwa naifikiria nyumba yetu. Neema alikuja kwanza, Daudi akafuata, halafu nikaja mimi na begi langu. Nilikuwa sijafanya kosa lolote, na sasa nilijua kwamba kutofanya kosa hakunisaidii.

Kilichonimaliza kabisa ni somo lililofuata. Alisema gharama ya kitu si kile unacholipa dukani tu. Gharama ni kile kizuri kingine ulichokiacha ili upate hicho ulichochagua. Akatoa mifano mingi: pamba na mahindi katika shamba moja, barabara na zahanati katika kata moja. Halafu, akiwa ameangalia ubao, mgongo kwetu, akasema, "Familia yenye nafasi ya mtoto mmoja, ikimchukua huyu, yule mwingine ndiye gharama." Chaki iliendelea kugongagonga ubaoni kana kwamba hakusema kitu cha ajabu.

Jumapili ya wiki hiyo, tulipotoka kanisani, mimi na Neema tuliwekwa uani na ungo wa mchele tuchambue mawe. Dirisha la chumba cha wakubwa lilikuwa wazi juu yetu.

"Wote hatuwezi kubaki hapa, Rebeka," nilimsikia baba mdogo. "Tumeshalizunguka hili jambo vya kutosha. Mmoja lazima aende."

"Unasema kama vile tunahamisha kiti."

"Sasa nisemeje? Wewe ndiye unayewafundisha watoto wa watu kila siku. Ukichagua, kuna unachoacha."

Mama mdogo akauliza, "Na watoto tutawaambia nini?"

"Tusiwaambie kwanza. Watazoea. Watoto huzoea haraka."

Mchele ulikuwa unanitoka vidoleni. Sikumwangalia Neema, niliogopa ataona usoni kwangu kwamba nimeelewa. Yeye ni mtoto wa kuzaliwa humo, Daudi bado ananyonya. Nani mwingine aliyebaki wa kwenda?

Basi nikaanza kupigania nafasi yangu kwa njia niliyoijua. Niliamka kabla ya wote nikafagia uwanja mpaka kwenye mawe. Nilimbeba Daudi mgongoni hata alipotaka kutembea. Nilifua soksi za baba mdogo bila kutumwa. Mezani nilikula tonge chache na kusema nimeshiba, maana nilifikiri mtu asiyekula sana ni vigumu kumwona kuwa amezidi. Mama mdogo alinitazama siku mbili tatu, akamwambia baba mdogo, "Huyu mtoto ana minyoo," akaninunulia dawa. Niliimeza kwa uchungu mkubwa, nikihesabu hiyo dawa nayo kuwa ni kitu nilichowamalizia.

Nikaona bora niulize. Lakini nyumbani sikuthubutu, kwa sababu swali la nyumbani linaweza kujibiwa na uamuzi. Darasani lilikuwa swali la darasani. Siku hiyo Mwalimu alipomaliza na kusema, "Kuna swali?", mkono wangu ulipanda wenyewe kutoka nyuma. Vichwa vikageuka. Mama mdogo alinikazia macho, halafu nadhani udadisi ukamshinda.

"Haya, Mbuke. Simama."

"Mwalimu," nilisema, na sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyoipanga, "kile kinachoachwa kinakwenda wapi?"

Walicheka. Masanja alipiga meza kwa kiganja, si kwa dharau, alifurahi tu. Mama mdogo hakucheka. Aliweka chaki chini, akafikiri kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa swali la maana, na akanijibu kwa heshima yote ya ualimu wake.

"Hakiendi popote. Kinabaki pale pale kilipokuwa. Ni wewe tu ambaye huna tena."

"Ahsante, Mwalimu," nikasema, nikakaa. Pale pale nilipokuwa. Kwa bibi.

Si kwamba sikumpenda bibi. Nilimpenda, na mara nyingi nilikumbuka harufu ya tumbaku kwenye khanga yake. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kumwacha, na shule ya kule ilikuwa mbali, na zaidi ya yote niliogopa ile safari yenyewe: kushikwa mkono, kuvushwa maji, kukabidhiwa. Kupelekwa mara ya kwanza ni kwamba umechukuliwa. Kurudishwa ni kitu kingine.

Ijumaa nilipotoka shule nililikuta begi langu la bluu limetolewa juu ya kabati, limefunguliwa zipu, limeanikwa kwenye kamba juani. Jioni hiyo mama mdogo alinisuka nywele, mimi kwanza, kabla ya Neema, na vidole vyake vilikuwa vya taratibu mno. Akatoa magauni yetu ya kanisani akayapiga pasi.

"Kesho tunakwenda kivukoni Kigongo," alisema. "Wote."

"Kufanya nini, mama?" Neema aliuliza.

"Mtaona."

Kesho yake rafiki wa baba mdogo alikuja na pikapu. Nyuma ya gari kulikuwa na godoro lililofungwa kwa kamba na ndoo mpya. Sisi tulikaa juu ya godoro, begi katikati yetu. Neema alikuwa ameuma midomo yake. Nilidhani ananihurumia, nikamshukuru moyoni.

Kigongo kulikuwa na foleni ya malori, na akina mama wanauza samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha. Kivuko kilikuwa ndiyo kwanza kinakuja kutoka ng'ambo. Baba mdogo alishusha begi, akaliweka miguuni kwangu. "Mbuke, shika hili, usiliachie," akasema, akaenda kukata tiketi. Nilimgeukia mama mdogo. Alikuwa amempa mgongo kila mtu, Daudi mgongoni, amejifunika uso kwa upande wa khanga, na mabega yanamtetemeka.

Nilimwonea huruma. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko hofu yenyewe. Niliona kwamba amebakiwa na neno moja la kuniambia na haliwezi, na kwamba anateseka, na kwamba ninaweza kumpunguzia. Nikaona nisisubiri kusukumwa. Kivuko kilipofika, mlango wake wa chuma ukashuka, wa ng'ambo wakatoka, wa huku wakaanza kuingia. Nikalibeba begi kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko nilivyolizoea, lakini sikujiuliza kwa nini. Nikaingia katikati ya watu, nikapita kati ya magari, nikapanda ngazi za juu na kukaa kwenye benchi la mwisho kabisa, nikitazama upande wa Busisi. Nilikumbuka bibi alivyoniambia siku ile: nenda, usigeuke nyuma. Sikugeuka.

Honi ikalia. Sakafu ikatetemeka. Ndipo niliposikia jina langu.

"Mbuke! Mbukeee!"

Niligeuka. Ukanda wa maji ulikuwa umeshafunguka kati yetu na nchi kavu. Mama mdogo alikuwa amekimbia mpaka ukingoni, khanga imemdondoka, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu, na mtu mmoja amemshika mkono asiendelee. Neema alikuwa nyuma yake, amesimama wima kama mlingoti. Sikuelewa. Mtu anayekuacha hakimbilii majini.

Baba mdogo alinikuta pale kwenye benchi. Alikuwa amepanda ngazi kunitafuta, anahema, jasho limemtoka mpaka kwenye kola. Nilifumba macho nikingoja kofi. Alichuchumaa mbele yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa bibi."

"Nani kakutuma kwa bibi?"

"Mlisema mmoja lazima aende. Nilisikia. Na mimi nimekuja mwisho."

"Umekuja mwisho wapi?"

Nikamweleza. Vikatoka vyote kwa mkupuo, vimechanganyika na makamasi: viazi vya Masanja, shamba la pamba, gharama, mchele, minyoo. Alianza kutabasamu kwenye viazi, na kabla sijafika kwenye mchele tabasamu lilikuwa limekwisha. Akakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya kivuko, na suruali yake nzuri.

"Mimi ndiye ninayekwenda," alisema. "Unasikia? Ni mimi. Nimepata kazi Geita, machimboni. Tulikuwa tunabishana, niende peke yangu, au mama yako mdogo aombe uhamisho twende wote na nyinyi muache shule. Mmoja aende, maana yake mmoja wa sisi wakubwa, yaani mimi. Nani amekuzungumzia wewe?"

"Na begi?"

"Nimeazima. Langu halina zipu." Alivuta zipu akanionyesha: mashati yake, taulo lake, na mabuti meupe yamefungwa kwenye gazeti.

Nililia mpaka watu wakaanza kumwangalia yeye vibaya. Nilikuwa nimesikia kila neno sawasawa. Nilichokosea ni mtu. Na badala ya kupata nafuu, hofu yangu ilihama tu kiti: sasa ni yeye anayeondoka, huyu ambaye sikuwahi kudhani kwamba nitamlilia.

"Kwa nini hamkutuambia?"

Alitazama maji. "Tuliona bado wadogo. Tukadhani hamjui kitu."

Tulipofika Busisi, rafiki yake mwenye pikapu alishusha gari, akasema hawezi kungoja kivuko kiende na kurudi, ana watu wanaomsubiri Geita, na tena wao wawili walitakiwa kuripoti pamoja. Akashauri nikabidhiwe kwa mfanyakazi wa kivuko, anirudishe. "Mtoto mkubwa huyu, atafika." Baba mdogo alinitazama. Sijui aliona nini. Akamwambia, "Wewe tangulia na godoro. Nitakuja na basi."

"Watampa mtu mwingine nafasi yako, shauri yako."

"Tangulia."

Tulirudi naye, tumekaa benchi lile lile, na hakunisemesha sana, lakini mkono wake ulikuwa umeshika nyuma ya gauni langu muda wote kama vile kivuko kingeweza kuninyakua tena. Mama mdogo aliponipokea alinitikisa kwanza. "Ungetumbukia! Ungetumbukia ningemwambia nini marehemu?" Halafu akanibana kifuani mpaka Daudi akalia mgongoni kwake. Baba mdogo alimwambia mambo machache pembeni. Nilimwona mama mdogo akiweka kiganja mdomoni. Baba mdogo akapanda kivuko kwa mara ya pili, na begi langu begani, na safari hii tulimpungia mkono mpaka akawa nukta.

Jumatatu mchana tulikaa dawati la nyuma kama kawaida. Macho ya mama mdogo yalikuwa yamevimba na wanafunzi walijifanya hawaoni. Hakufungua kitabu.

"Kuna jambo sikulisema wiki iliyopita," alianza. "Hesabu hizi zilitungwa kwa ajili ya vitu. Ukifika mahali ukakuta mtu yumo ndani ya hesabu, weka kalamu chini kwanza. Mwangalie. Ikibidi, muulize."

Masanja akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu, hiyo itatoka kwenye mtihani?"

"Haitatoka."

"Tuiandike?"

"Iandikeni."

Baba mdogo alichelewa kuripoti na ile nafasi kweli alipewa mtu mwingine. Alikaa Geita akibeba mizigo muda mrefu kabla hajapata kazi ya machimbo, na hilo sikulijua mpaka nilipokuwa kidato cha pili, aliporudi moja kwa moja, amekonda, na kikohozi ambacho hakikumtoka. Hakuwahi kulitaja. Miaka ile alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, na kila alipokuja alituita sote watatu, akatwambia lini anaondoka na lini atarudi. Mama mdogo naye aliacha kusema "mtaona." Hata hivyo hofu haikunitoka kwa siku moja. Mpaka nimekuwa msichana mkubwa, nikiona gauni langu limepigwa pasi bila mimi kuomba, mikono yangu ilikuwa baridi.

Mwaka jana nilikwenda Kisesa kwa Neema, ambaye ana mume na shamba huko. Tulikuwa jikoni kwake tunamenya ndizi, watoto wanapiga kelele nje, nikaanza kumhadithia siku ile kama kichekesho, maana siku hizi naweza. Nilipofika kwenye honi, niliona kwamba hamenyi tena.

"Hata mimi nilisikia pale dirishani," alisema.

"Ulisikia?"

"Nilijua ni mimi."

Nilicheka. "Wewe? Mtoto wao wa kuzaa?"

"Wewe ulikuwa unajua kusoma, Mbuke. Wewe unauliza maswali kidato cha tano, mama anaweka chaki chini anakujibu. Mimi nilikuwa wa mwisho darasani, nalala tu kila mahali. Ulipoanza kufagia na kumbeba Daudi nikasema basi, nimekwisha. Begi lilipotolewa nilidhani nimeazimiwa lako." Alifuta kisu kwenye gauni. "Ulipopanda kivuko nilikuona. Nilikuona tangu unalibeba begi. Ningeweza kumwambia mama."

Nje mtoto mmoja alimwita mama, sikujua ni wa nani kati yetu. Hatukuitika.

"Nilifurahi," Neema alisema. "Kivuko kilipoanza kuondoka na wewe upo juu, nilifurahi kabisa. Halafu nikaanza kulia, nikalia mpaka usiku. Wote walidhani nakulilia wewe na baba."

Nilisogeza kigoda changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikachukua ndizi iliyokuwa mkononi mwake, nikaimalizia kumenya.